Muulize Fundi: Farasi 1001 nyuma ya mgongo

Toleo lililopita tuligusia turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini, na tangu hapo maswali ya magari ya spidi kali hayajakatika, na karibu nusu yake yanaitaja Bugatti Veyron. Basi safari hii nimeamua tukae na gari hilo moja, maana ukilielewa lile umeyaelewa mengi ya wenzake yote yenye injini katikati. Twende kazi.

Shikamoo fundi. Mimi dereva huku Mwanza, nauliza kwanini magari ya kifahari ya spidi injini wanaiweka nyuma ya siti badala ya mbele kama Mark X? Na Noah yangu ile ya zamani injini iko chini ya siti, ina maana nayo ni hivo hivo?

Marahaba mwanangu. Nianze na Noah maana wengi wanaicheka bure. Ile Noah ya zamani kabisa, TownAce na LiteAce Noah, injini iko chini ya siti za mbele, nyuma ya ekseli ya mbele, na inasukuma tairi za nyuma. Kwahiyo ndio, kwa mpangilio ile ni gari ya injini ya kati, sema tu Toyota waliiweka pale kupata nafasi ya abiria, hawakuwa na habari ya mashindano. Na wewe unayeiendesha joto la pale unalijua, abiria wa mbele akikaa kutoka Mwanza mpaka Shinyanga saa saba mchana miguu inaiva. Hilo joto likumbuke, tutalirudia sana leo.

Kwanini katikati: injini ndio mzigo mkubwa kuliko vyote kwenye gari. Ukiuweka mbele kabisa, kila unapokata kona pua inataka kuendelea kwenda ilikokuwa inaenda. Ukiuweka katikati ya ekseli mbili gari linageuka haraka, na ukikanyaga mafuta uzito unakaa juu ya tairi za nyuma zinazosukuma, ndio maana zinashika. Lakini kuna bei yake, gari hilo linalogeuka haraka likianza kuteleza nalo linazunguka haraka, dereva hana muda wa kulidaka. Lamborghini walipotoa Miura mwaka 1966, injini ya V12, yaani silinda 12, imelazwa kwa upana nyuma ya dereva, dunia ilishangaa kwa uzuri wake lakini ukienda spidi kubwa pua inakuwa nyepesi, na tenki la mafuta lilikuwa mbele kwahiyo kadri mafuta yanavyopungua ndio pua inazidi kuwa nyepesi. Usukani unalegea ukiwa kwenye spidi, hiyo kitu haifai kabisa.

Fundi niaje. Hapa Nairobi kuna mafundi wanachukua Supra wanaifungua injini yake ya 2JZ wanatoa horsepower elfu moja. Sasa VW na pesa yote ile walichukua miaka kibao kutoa Veyron ya 1001. Shida ilikuwa nini?

Poa sana kaka. Hili ndio swali nililolisubiri.

Kutoa farasi (horsepower) elfu moja sio kazi, hapo uko sahihi kabisa. Ongeza turbo kubwa, ongeza mafuta, imarisha pistoni na koni rodi, unazipata. Lakini hiyo Supra inazitoa kwa sekunde kumi, kumi na tano, halafu inapumzika, na mwenye gari anajua mwakani injini inafunguliwa tena. Ferdinand Piëch, aliyekuwa bosi wa VW, aliomba kitu kingine. Mwaka 1997 akiwa kwenye treni ya Shinkansen kati ya Tokyo na Nagoya alichora injini ya silinda 18, mwaka uliofuata VW wakanunua jina la Bugatti, na baadae injini ikawa ya silinda 16, lita 8, turbo nne. Masharti: farasi 1001, spidi ya zaidi ya kilomita 400 kwa saa, na hapohapo gari liwe na AC, siti za ngozi, liwake asubuhi bila matatizo, likae kwenye foleni bila kuchemsha, na mtu aliyevaa suti aweze kulipeleka kwenye dhifa. Sasa hapo ndio wahandisi walipoumwa vichwa, kwasababu kila kimoja kati ya hivyo kinapingana na mwenzake.

Ilitakiwa itoke 2003. Mwaka huohuo, kwenye maonyesho pale Laguna Seca huko California, gari la majaribio liliteleza likajizungusha mbele ya watazamaji. Kazi ikarudishwa mezani, uongozi wa mradi ukabadilishwa, Thomas Bscher akawa mkuu wa kampuni na Wolfgang Schreiber akashika ufundi, na gari likaanza kutoka 2005. Mimi nawaheshimu sana kwa hiyo miaka miwili. Kampuni nyingi zingelitoa lilivyo zikaacha wateja wawe ndio wa kufanyia majaribio.

Asalaam alaykum fundi, nipo Unguja. Nilisikia Veyron ina rejeta kumi!! Kumi za nini jamani, gari yangu ina moja na bado inavuja.

Waalaykum salaam dada. Hiyo yako inayovuja usicheleweshe, maji yakiisha gasketi ya hedi inaondoka na hiyo ni hela nyingi kuliko kuziba rejeta.

Kumi ni kweli. Tatu za maji ya injini, tatu za kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, moja ya oili ya injini, moja ya oili ya giaboksi, moja ya oili ya difu, na moja ya AC. Maji ya injini peke yake ni lita 40, na kuna mzunguko wa pili wa lita 15 unaojitegemea kwa ajili ya ile hewa ya turbo.

Sasa kwanini zote hizo. Petroli ikiungua kwenye injini, chukulia kwa haraka theluthi moja ndio inafika kwenye tairi, theluthi inatoka na moshi kwenye ekzosti, theluthi inaingia kwenye maji na oili. Farasi 1001 ni kilowati 736. Kwahiyo wakati gari linatoa nguvu zake zote kuna kilowati nyingine kama 700 zinaingia kwenye maji na nyingine kama hizo kwenye ekzosti. Birika la umeme la jikoni ni kilowati mbili hivi, yaani ni kama kuna mabirika zaidi ya 350 yanachemsha maji yako kwa pamoja, na mengine kiasi hicho yanapuliza moto nyuma. Ukikaa dakika tano kwenye spidi hiyo, hilo joto lote lazima liwe limeshatoka nje ya gari.

Na hapa ndio injini ya kati inapokuwa mtihani. Ikiwa mbele, upepo unaipiga uso kwa uso. Ikiwa nyuma ya siti imezibwa na watu, ukuta na paa. Inabidi rejeta uzipeleke pua ya gari, maji yatembee kwenye mabomba mpaka mbele na kurudi, na kila tundu unalotoboa kuingiza upepo linaongeza ukinzani na kukupunguzia spidi. Halafu umbo la injini yenyewe, ni W16, yaani ni kama V8 mbili nyembamba zimeunganishwa kwenye krenki shafti moja, ni fupi inaingia vizuri lakini silinda zimebanana na joto limebanana nalo. Veyron ukiiangalia kwa juu utaona injini iko wazi, haina kifuniko, na kuna matundu mawili makubwa juu ya paa yanavuta hewa. Wengi wanadhani ni mapambo. Hapana, bila kuiacha wazi hilo joto lingebaki humo ndani na vitu vinavyoizunguka vingeungua.

McLaren kabla yao, kwenye gari lao la barabarani la miaka ya 90 linaloitwa F1, walitandika dhahabu halisi kwenye chumba cha injini kwasababu dhahabu inarudisha joto la mnunurisho, lile linalokupiga bila kugusa, vizuri mno kuliko vitu vingi. Watu walisema ni anasa. Ilikuwa ni fizikia.

Fundi, giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida? (Dodoma)

Hapana ndugu, ni ya klachi mbili, gia saba, ilitengenezwa na Ricardo wa Uingereza. Klachi moja inashika gia uliyopo na nyingine imeshaiandaa inayofuata, kubadili ni chini ya milisekunde 150. Ugumu ulikuwa ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, newton mita 1250. IST ya 1300 ina kama 120, kwahiyo hii ni mara kumi, kila unapobadili gia, na isikate wala isiruke. Wameiweka mbele ya injini, katikati ya dereva na abiria, ili uzito usirundikane wote nyuma, na nguvu inagawiwa kwenye tairi zote nne. Tairi mbili peke yake zisingeweza, zingebaki zinafuka moshi tu.

Habari ya kazi fundi. Niko Mombasa, nauliza kwa spidi ya 400 gari si inapaa kama ndege? Na ile spoila ya nyuma inapanda na kushuka ya nini?

Nzuri ndugu yangu. Inaweza kupaa kweli, hujakosea. Mwaka 1999 kule Le Mans Mercedes walipeleka gari la mashindano, CLR, likapaa na kupinduka hewani zaidi ya mara moja wiki hiyohiyo, mpaka wakajitoa. Upepo ukiingia chini ya pua kwenye spidi kubwa unaibeba.

Kitu cha kuelewa ni hiki, ukiongeza spidi mara mbili ukinzani wa upepo unapanda mara nne, na nguvu unayohitaji kuushinda inapanda mara nane. Kutoka 200 kwenda 400 ni mara nane. Ndio maana farasi mia chache zinakufikisha 250 bila jasho halafu hizo kilomita mia na hamsini zilizobaki zinakula mamia mengine yote.

Sasa spoila, lile bawa la nyuma, ikiwa juu inakandamiza gari chini, salama kabisa, lakini inazuia upepo na gari linaishia 375. Ukiishusha unapata 407 lakini umepoteza mkandamizo. Huwezi kupata vyote. Walichofanya ni akili kweli: gari likivuka 220 linajishusha lenyewe na spoila inatoka. Ukitaka 407 unasimama kabisa, unachomeka funguo ya pili iliyo pembeni ya siti ya dereva, gari linajikagua, linashuka mpaka milimita 65 kutoka chini, spoila inakunjwa. Ukigusa breki au ukikata usukani kupita kiasi linarudi lenyewe kwenye hali ya salama. Na ukifunga breki ukiwa kwenye spidi kubwa hiyo spoila inasimama kwa sekunde 0.4 inakuwa ukuta wa kuzuia upepo, inasaidiana na disiki za kaboni seramiki. Aprili 2005 kwenye uwanja wa majaribio wa VW, Ehra-Lessien Ujerumani, wenye mkeka ulionyooka wa karibu kilomita 9, ilipimwa 408.47.

Salaam kutoka Muscat. Huku hizi gari zinapita, nimesikia tairi zake bei yake ni kama kununua gari. Kwanini, tairi si tairi tu?

Salaam nyingi kaka, wasalimie wenzetu huko.

Tairi ndio kitu kilichoamua mwisho wa gari lile, sio injini. Michelin waliitengenezea tairi yake maalum, mfumo wa PAX, ya nyuma ina upana wa milimita 365 na kipenyo cha milimita 710. Piga hesabu na mimi: kwa 407 gari linakwenda mita 113 kwa sekunde, tairi hiyo inazunguka zaidi ya mara 50 kila sekunde. Mpira ulioko pembeni kabisa unavutwa kutoka nje kwa nguvu ya zaidi ya mara 3,600 ya uzito wake. Gramu moja ya mpira inavuta kama kilo tatu na nusu. Hapo bado hujaweka uzito wa gari, karibu tani mbili, na bado mpira unajikunja na kujikunjua kila unapogusa lami na kutengeneza joto lake wenyewe. Mpira ukiwa laini unashika barabara lakini utararuka, ukiwa mgumu hauraruki lakini haushiki.

Na hiyo shida haikuisha. Mwaka 2010 walitoa Super Sport ya farasi 1200, Pierre-Henri Raphanel akaiendesha palepale Ehra-Lessien wastani wa 431.072 kwenda na kurudi, rekodi ya Guinness. Lakini yule mteja aliyelipa hela yake akapewa gari lililofungwa lisivuke 415, kulinda tairi. Injini ilikuwa na nguvu ya kwenda zaidi. Kwahiyo kaka ukiiona imepaki hapo Muscat mwombe mwenyewe akuruhusu, inama uangalie tairi ya nyuma na rimu yake kwa karibu, usiishie kupiga picha injini.