Tangi la mafuta lililovuja uani: toa taarifa kwanza, kuchimba kufuate

Ndugu yangu uliyeuliza kuhusu harufu ya mafuta katika chumba cha chini cha nyumba uliyonunua Virginia, na kama itakubidi ukope benki ili kuondoa udongo uliochafuka, nakusihi usimwite mchimbaji kabla ya kuwasiliana na Idara ya Ubora wa Mazingira ya jimbo. Mimi nilianza na mchimbaji, na hasara yake naikumbuka hadi leo.

Mmiliki wa kwanza wa nyumba yetu alipoacha kupasha nyumba joto kwa mafuta na kuhamia kwenye gesi, aliliacha tangi la chuma la galoni 550, yaani lita zipatazo 2,080, likiwa limefukiwa uani na mafuta yamebaki ndani. Maji yalijikusanya chini ya tangi, chuma kikaliwa na kutu, na mafuta yakapenya udongoni kidogo kidogo bila dalili yoyote juu ya ardhi. Kampuni ya bima ilikataa kulipa kwa sababu mkataba wetu, kama ilivyo mingi ya bima za nyumba, haukugusa madhara ya uchafuzi.

Jambo ambalo hatukuambiwa siku ya kununua ni kwamba Virginia ina mfuko wa fedha za kusafisha uchafu wa matangi ya mafuta yanayovuja, unaosimamiwa na Idara hiyo na kujazwa kwa tozo ndogo ya mafuta, nao humsaidia hata mwenye tangi la kupashia nyumba joto. Mwenye nyumba hubeba dola 500 za mwanzo katika gharama za usafishaji zinazokubaliwa, na zinazozidi hapo huombewa marejesho. Nasisitiza neno marejesho, kwa kuwa kazi hutangulia na fedha hufuata baada ya miezi. Kabla ya kusaini, muulize mkandarasi kama yuko tayari kusubiri malipo ya mfuko.

Kilichotuumiza ni kwamba mkandarasi wetu alichimba na kusomba udongo kabla Idara haijaidhinisha kazi kwa maandishi, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ikakataliwa. Idara hupima kwanza ukubwa wa hatari: je, kuna kisima cha maji ya kunywa karibu, je, mvuke wa mafuta umeingia ndani ya nyumba? Penye hatari ndogo, kazi inayotakiwa huwa ndogo pia, na shimo kubwa tulilochimbiwa sisi pengine halikuhitajika kabisa. Kung'oa tangi lenyewe au kununua jipya hakulipwi na mfuko, kwa hiyo tenga fedha zako kwa ajili hiyo.

Harufu uliyoieleza ina maana kwamba huenda mvuke tayari umo ndani, kwa hiyo usilaze watoto katika chumba hicho. Ipigie Idara simu leo, utaje harufu hiyo waziwazi, na uandike namba ya kesi utakayopewa, maana kila stakabadhi na kila idhini itafuata namba hiyo.