Namba za injini na chesisi za pikipiki: maswali yenu

*Namba ya injini na ya chesisi hazifanani. Je, injini imebadilishwa?*

Si lazima. Watengenezaji wengi hawazilinganishi. Tazama herufi na tarakimu zinazotangulia namba ya mfululizo, maana ndizo zinazotaja aina ya injini. Kwa Honda mara nyingi huishia na E: pikipiki ya CBR600RR iliyoanza 2007 ina PC40E, na iliyoitangulia PC37E. Ukiikuta PC37E kwenye fremu (chesisi) ya PC40, injini hiyo si yake.

*Namba ya injini imejaa kutu na grisi, nitaisomaje?*

Kwanza weka msasa na brashi ya waya mbali. Mikwaruzo yake hufanana na ya namba iliyochezewa, na mkaguzi akiiona ataikataa pikipiki. Lowesha kwa mafuta ya taa, subiri dakika kumi, usugue kwa mswaki, ukaushe. Paka chaki nyeupe, kisha futa juu juu kwa kitambaa: chaki hubaki ndani ya mistari iliyogongwa. Tochi uimulikie kutoka ubavuni, si usoni. Hapo 3 na 8, au B na 8, hutengana vizuri.

*Herufi ya kumi ya namba ya chesisi ni J. Ni ya mwaka gani?*

Kama ilitengenezewa soko la Marekani, ni toleo la 2018, au 1988, kwa kuwa herufi hurudi kila baada ya miaka 30. K ni 2019, L 2020, M 2021, N 2022, P 2023. O hairuhusiwi kabisa, wala I na Q. Ukidhani umeona O, ni sifuri. Kwa masoko mengine nafasi hiyo si lazima iwe mwaka.

*Namba itaniambia kama ni Euro 4 au Euro 5?*

Yenyewe haisemi viwango hivyo vya moshi vya Ulaya. Ulaya, Euro 4 ilianza kwa aina mpya 2016 na kwa zote 2017. Euro 5 ikafuata 2020 na 2021. Lakini baadhi ya pikipiki zilizobaki kwa wauzaji ziliruhusiwa kuuzwa baada ya hapo, kwa hiyo mwaka pekee haukutoshi. Soma cheti cha ulinganifu, hati ya mtengenezaji inayotaja kiwango.

*Nitajuaje kama imepunguzwa nguvu kwa leseni ya A2?*

Kadi ya usajili ya Ulaya, sehemu ya P.2, huandika kilowati. Mwisho wa A2, leseni ya Ulaya ya pikipiki za nguvu ya kati, ni 35. Kisha kagua kikomo cha kaba (kinachoizuia isifunguke yote) na pete inayobana njia ya hewa. Kizuizi kilichowekwa ndani ya kompyuta ya injini hakionekani kwa macho, kinasomwa kwa mashine ya uchunguzi.