Kwa nini upande wa altare ni mdogo kuliko kanisa lenyewe

Umeuliza kwa nini kanisa la Lavenham, kule Suffolk, Uingereza, lina ukumbi mpana wanakokaa waumini na mnara mrefu, halafu upande wa altare ni mfupi kana kwamba ni wa kanisa jingine. Umeona vizuri, maana kwa umri ni jingine kweli. Upande wa altare ni wa karne ya 14. Ukumbi na mnara vilijengwa upya kati ya mwisho wa karne ya 15 na miaka ya 1520.

Angalia nani alikuwa analipa. Kwa desturi ya wakati ule, upande wa altare na paa lake vilitunzwa na anayepokea zaka, yaani paroko au monasteri. Ukumbi ulikuwa jukumu la waumini. Na waumini wa Lavenham walikuwa na fedha za kitambaa cha sufu! Thomas Spring, tajiri wa biashara hiyo ya kitambaa, aliyefariki mwaka 1523, aliacha pauni 200 za kumalizia mnara, na nembo ya ukoo wake imechongwa huko juu tena na tena. John de Vere, mwenye cheo cha ukabaila cha Earl wa Oxford, naye alichangia. Mnara unafika mita 43 hivi, umejengwa kwa mawe ya gumegume.

Ukifika, simama katikati ya ukumbi utazame madirisha: ya ukumbini ni makubwa, nguzo zake nyembamba zinapanda wima hadi juu. Ya altare yana nakshi za mawe zilizopindapinda. Mimi nayapenda zaidi hayo ya zamani.