U-23 ilifikaje Bahari Nyeusi?

Mkuu, umeuliza U-23, nyambizi ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili, iliingiaje Bahari Nyeusi wakati Uturuki, isiyokuwa vitani, ilikuwa imeufunga mlango wa Bosphorus kwa meli za kivita. Ilipita nchi kavu!

Ilikuwa nyambizi ndogo ya pwani, urefu mita 42.7, mabaharia 25 hivi, mitambo mitatu tu ya kurushia topedo, yote mbele. Chini ya nahodha Otto Kretschmer ilizamisha meli ya mafuta Danmark Januari 1940, na Februari ikaizamisha manowari ya Uingereza HMS Daring. Baadaye ikawa ya mafunzo.

Mwaka 1942 ikavuliwa mnara na injini, ikapandishwa mto Elbe hadi Dresden. Hapo ikalazwa ubavu juu ya matrela yenye magurudumu chungu nzima, ikakokotwa barabarani hadi Ingolstadt, ikateremka mto Danube, ikaundwa upya. Kazi ya ajabu mno! Nyambizi sita zilipelekwa hivyo, zikiwa na kituo Constanța, bandari ya Romania.

Agosti 1944 Romania ikabadili upande, bandari ikapotea. Kutoka hakukuwezekana, hivyo Septemba mabaharia wa U-23 wakaizamisha wenyewe karibu na pwani ya Uturuki.