Giza la Piranesi liko kwenye shaba kabla ya wino

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nina picha mbili za daraja la kuinuliwa, kutoka mfululizo wa magereza ya kubuni ya Piranesi, msanii wa Italia wa karne ya 18. Naambiwa zimechapwa kwa bamba moja la shaba, lakini moja ni nyepesi kama mchoro wa haraka na nyingine inatisha. Je, mchapaji alizidisha wino tu?

Jibu: Marahaba. Wino una sehemu yake, ila kazi kubwa ilifanyika kwenye shaba yenyewe. Mabamba 14 ya mwanzo yalitoka Roma mnamo 1750. Mwaka 1761 Piranesi aliyafanyia kazi upya na kuongeza mawili, yakawa 16.

Bamba hupakwa nta isiyopitisha asidi, mistari ikakwaruzwa kwa sindano, kisha bamba likazamishwa. Asidi hula palipokwaruzwa tu. Ikila kidogo, mfereji unakuwa wa juujuu na mstari unatoka wa kijivu. Ikila sana, mfereji unabeba wino mwingi na mstari unakuwa mweusi. Basi unalitoa bamba, unaziba kwa vanishi mistari ya kule mbali, unalirudisha ili ya mbele izidi kuliwa. Matao ya nyuma yanafifia kama yamo kwenye vumbi, nguzo ya mbele inakuelemea. Dakika ndani ya asidi ndizo zinazoamua jengo litakutisha au litakupumzisha.

Katika toleo la kwanza aliacha mistari mirefu, iliyolegea, na karatasi nyeupe ikipumua katikati. Mwaka 1761 alikatisha mistari juu ya mistari, akaongeza ngazi, mihimili na minyororo, akairudisha shaba kwenye asidi ili iliwe kwa kina. Mimi huogopeshwa zaidi na vile vipande vichache vya weupe vilivyosalia: jicho linavikimbilia, halafu linakuta ukuta mwingine.

Kuhusu wino: mchapaji akifuta bamba na kuacha utando mwembamba, picha yote inapata kiwingu. Lakini utando hauwezi kuleta ngazi mpya. Tena shaba huchakaa kila inapopita kwenye mashine, hivyo nakala ya toleo la pili iliyochapwa miaka mingi baadaye inaweza kuwa na rangi hafifu. Weka picha zako ubavu kwa ubavu, utafute mihimili na minyororo iliyomo kwenye moja na haimo kwenye nyingine. Hiyo ndiyo itakayokuambia ipi ni ya toleo la 1761.