Kijapani hakina "kuvaa" moja, gambuti ndio zilinifundisha

Mi nilianza Kijapani kwa programu ya simu, ile inayofundisha kwa Kiingereza, kufika kwenye kuvaa ikaniambia ni kiru, basi nikajua nimemaliza. Kwani sisi si tunavaa tu? Shati, viatu, kofia, miwani, pete, vyote unavaa.

Baadaye nikapata kibarua cha usiku kiwanda cha bento huko Nagoya, vile vyakula vya kwenye boksi. Kabla hujaingia mnajibana kwenye kachumba mnavaa koti jeupe, kofia, barakoa, glavu, gambuti. Siku hiyo kaja mgeni nami nikajifanya mwenyeji, nikamwambia nagagutsu o kite kudasai, vaa gambuti, hiyo kite ni kiru ileile ikigeuzwa. Msimamizi wetu, mama wa makamo, hakusema kitu, alichukua gambuti moja akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akajiangalia kwenye kioo kama mtu anayejaribisha koti. Kachumba kazima kikacheka.

Yaani wenzetu wanaangalia nguo inakaa wapi. Kiru ni ya juu au mwili mzima: shati, koti, gauni, kimono. Kinachopitia miguuni ni haku, suruali, sketi, soksi, viatu, hata chupi. Kichwani kaburu. Miwani ni kakeru, kama unavyotundika kitu, na tai ni shimeru, hiyo rahisi maana hata sisi tai tunafunga. Barakoa, glavu, saa, pete, ukikwama sema suru, sio kosa. Kuvua nako kuna mawili, nguo na viatu nugu, ila miwani na saa ni hazusu.

Usikariri kitenzi kikiwa peke yake jamani, kariri na kitu chake, kutsu o haku (vaa viatu), boushi o kaburu (vaa kofia), mi nilikuwa naropoka hivyo kila nikivaa mpaka ulimi ukazoea.

Halafu kuna sehemu Kiingereza kitakupoteza na Kiswahili kitakubeba: mtu aliye na koti mwilini tayari ni kite imasu, ndio "amevaa" yetu kabisa, wakati kimasu ni huvaa au atavaa.

Na chunga hiyo kite. Shatsu o kite kudasai ni vaa shati, ukiikazia t kidogo tu ikawa kitte umemwambia alikate, na pale kwetu visu vilikuwa vingi.