Mashine Imponye Kwanza Mhusika Wako, Ndipo Imfunge

Juzi jioni nilipata barua niliyoisubiri miaka minne: hadithi yangu fupi, "Bangili", imekubaliwa kuingia kwenye mkusanyiko. Nilimpigia mama kabla sijamaliza kuisoma. Najua wengi wenu mna rasimu ya distopia, yaani hadithi ya dunia ya kubuni iliyogeuka jinamizi, iliyolala kwenye kompyuta, basi niwaeleze nilikopitia.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa riwaya ya kurasa 310. Kamera kila kona, serikali inasikiliza hadi jikoni, watu wanalia tangu ukurasa wa kwanza. Niliipeleka kwa mchapishaji mmoja. Baada ya miezi minane nikajibiwa kwa sentensi mbili: mashine yako ni mbaya tangu mwanzo, kwa nini watu hawa hawakuitupa? Hata jina la aliyeandika halikuwepo. Iliniuma, na sifichi, bado inauma. Lakini swali lile sikuweza kulijibu.

Jibu nililikuta kwa Mwingereza E. M. Forster, katika hadithi yake ya mwaka 1909, The Machine Stops. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mtu chumbani mwake. Mashine inawaletea chakula, muziki, hata sura na sauti ya mtoto aliye upande wa pili wa dunia. Kuno anamsihi mama yake, Vashti, aende wakaonane uso kwa uso, na mama anaona safari ni adha tupu. Hakufungiwa na mtu. Ameridhika! Na mashine inapoanza kuharibika, hakuna aliyebaki anayeijua yote.

Nikakumbuka kwetu. Kabla M-Pesa haijaanza Kenya mwaka 2007, ada yangu ya shule ilisafiri ndani ya bahasha, mkononi mwa kondakta, na mama hakulala mpaka asikie imefika. Baadaye pesa ikawa inafika kabla chai haijapoa. Nani angethubutu kumwambia mama yangu kuwa simu ile ni adui? Distopia ya kweli inaanzia hapo, kwenye shukrani.

Basi nikaandika upya. Bibi anavishwa bangili inayompima presha. Usiku mmoja bangili inawaita wauguzi, bibi anapona, na mjukuu aliyehangaika kuipata analia kwa furaha. Nikaipa furaha ile kurasa sita nzima. Kisha bangili ileile inaanza kuhesabu chumvi, na siku moja muuza duka anakataa kumuuzia bibi ng'onda. Kifaa ni kilekile. Aliyebadilika ni mwenye kukishika.

Kwa hiyo nawaambieni, ndugu zangu: ipeni mashine wema wa kweli. Si wema wa kusema tu. Mponyeni mtu, mlisheni mtu, mkutanisheni mtu na mwanawe. Msomaji aipende kwanza. Asipoipenda hataogopa, atahukumu tu na kufunga kitabu. Wema kwanza! Acheni kuandika mashetani ya chuma mkadhani mnaonya watu. Hakuna anayeonywa na kitu ambacho asingekinunua.

Ile riwaya ya kurasa 310 nimeifungua tena jana. Kamera ya jikoni nimeiacha palepale, ila sasa kwenye sura ya kwanza inamwona mtoto aliyevuta sufuria ya maji ya moto, na inamwita mama yake kwa jina, kwa wakati.